Kabla ya kutoa msaada, uliza nani anashika ufunguo

Mashirika ya misaada ni mengi Bukavu, lakini si yote yanamwachia mtu uamuzi juu ya pesa yake, shamba lake na mwili wake. Hii hapa namna ya kuyatofautisha kabla ya kutoa dola yako.

BUKAVU – Swali linarudi kila mara ndugu wa Montréal, Bruxelles au Kinshasa anapopiga simu: ana dola mia moja za kusaidia watu wa nyumbani, azipe shirika gani? Wakaaji wa Bukavu wenyewe wanajiuliza hivyo hivyo, kwa sababu nao wanatoa. Wanatoa kanisani na msikitini, kwenye matanga, kwenye chama cha mtaa, kwa jirani aliyekimbia vita akafika na watoto na godoro moja.

Tangu mwaka 2025 swali hilo limekuwa zito zaidi. Tarehe 20 Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la maendeleo, USAID, likafikia mwisho wake rasmi. Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Katikati ya Februari mwaka huo huo wapiganaji wa AFC/M23 waliuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha wakaingia mjini. Mabenki yakafunga milango na noti zikawa adimu. Miradi mingi ikakatika katikati.

Kwa hiyo dola mia moja ya leo ina kazi kubwa kuliko ile ya zamani, na anayeitoa ana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Watu wengi huuliza swali moja tu: je, pesa itafika? Ni swali zuri, ila halitoshi. Pesa inaweza kufika na bado ikamwacha mtu akiwa mtoto mbele ya shirika, akingoja aambiwa ale nini, auze nini, anyamaze juu ya nini. Swali la pili ndilo linalopima shirika: baada ya msaada kufika, nani anaamua? Kwa maneno mepesi, nani anashika ufunguo?

Laini ya simu isiyokuwa ya familia

Mfano ulio karibu nasi ni wa GiveDirectly. Shirika hili la Marekani linajulikana duniani kwa jambo moja: linatuma pesa moja kwa moja kwenye simu ya familia maskini, bila sharti. Halileti mbuzi, halileti mbegu, halileti semina. Linaamini kwamba mama anayelala njaa anajua shida yake kuliko mtu aliyeketi ofisini. Hilo ni wazo la uhuru, na katika nchi nyingi limefanya kazi.

Katika Kivu ya Kusini wazo hilo liliporwa mlangoni. Mwaka 2023 shirika lenyewe lilitangaza kwamba kwa muda wa miezi sita, kuanzia Agosti 2022, baadhi ya wafanyakazi wake na washirika wao walikula njama na kuiba takriban dola 900,000 zilizokuwa za familia zaidi ya 1,700. Mlango waliopitia ulikuwa mdogo. Kwa kawaida kila familia inajisajilia laini yake ya simu. Huku kwetu, kwa sababu ya eneo gumu na usalama mdogo, wafanyakazi waliruhusiwa kuwasajilia watu laini hizo. Aliyeshika laini akawa ndiye mwenye pesa.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza: kosa halikuwa kuwapa maskini pesa mkononi. Kosa lilikuwa kuwaondolea, kwa nia ya kuharakisha kazi, kitu kidogo kilichowafanya kuwa wenye pesa, yaani laini yenye jina lao na namba ya siri wanayoijua wao peke yao. Kila mara shirika linapokwambia kwamba litamshikia mtu simu, kadi, kitambulisho au hati kwa sababu yeye hajui kusoma, kumbuka familia hizo 1,700.

La pili: tunajua habari hii kwa sababu shirika liliiandika lenyewe, na tarakimu zake. Katika mji wetu yako mashirika ambayo hayajawahi kutangaza hata dola moja iliyopotea kwa miaka ishirini. Msomaji aamue mwenyewe kama hiyo ni dalili ya usafi au ya ukimya.

Kuponi na chumvi

Wako wanaosema kwamba ukimpa maskini pesa taslimu ataitumia vibaya, heri umpe kuponi ya kununua vitu ulivyochagua wewe. Jambo hilo lilipimwa Kongo hii hii, huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, ambako familia zilizokimbia vita ziligawanywa kwa bahati nasibu. Nyingine zilipewa pesa taslimu, nyingine kuponi za thamani ile ile. Mtafiti Jenny Aker alifuatilia matokeo, na kazi yake ilichapishwa katika jarida la uchumi la Benki ya Dunia.

Matokeo yalikuwa wazi. Kuponi zilibadilisha namna watu walivyonunua: walichukua vitu ambavyo wasingevichukua kama wangekuwa na pesa, vikiwemo chumvi nyingi kupita mahitaji. Lakini familia za kuponi hazikula vizuri kuliko familia za pesa, wala hazikuishi vizuri zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba waliuza tena sehemu ya vitu walivyonunua, ili wapate walichokitaka tangu mwanzo. Na kuendesha kuponi kuligharimu zaidi. Yaani shirika lililipa zaidi ili kumnyima mtu uchaguzi, naye mtu akaurudisha uchaguzi wake sokoni kwa hasara.

Kila mkaaji wa Bukavu amewahi kuona mafuta, unga au turubai zenye alama ya shirika zikiuzwa Kadutu. Wengi huona hapo wizi peke yake. Mara nyingine wizi upo kweli. Mara nyingine ni mama aliyepewa turubai la tatu wakati mtoto wake anahitaji karo ya shule.

Sanduku lenye kufuli tatu

Bukavu haikungoja mtu wa nje aifundishe kuweka akiba. Likelemba ni ya zamani: watu kumi wanatoa kiasi sawa, kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Udhaifu wake unajulikana. Anayepokea kwanza anaweza kuhama mtaa, na anayeugua kabla ya zamu yake hana pa kukimbilia.

Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza huko Niger, pamoja na wanawake wa vijijini, namna nyingine ambayo leo inajulikana katika vijiji vyetu kwa jina la AVEC. Watu 15 hadi 25 wanaojuana wanakutana kila juma na kununua hisa ndogo. Pesa inawekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Sanduku halifunguliwi ila mbele ya wanachama wote. Wanakopeshana, wanalipa faida ndogo waliyokubaliana wenyewe, na baada ya kama mwaka mmoja wanagawana kila kitu kulingana na hisa za kila mtu.

Tufanye hesabu. Kikundi cha wanachama 25, kila mmoja akiweka franka 2,000 kwa juma, kinakusanya franka 50,000 kwa juma. Katika majuma 50 ni franka milioni mbili na nusu, kabla ya kuhesabu faida ya mikopo. Kila mwanachama atakuwa ameweka franka 100,000. Hizo si mali ya mradi, na hakuna mfadhili anayeweza kuzikata kwa barua moja kutoka Washington. Pia hazikulala benki siku benki ilipofunga milango.

Katika Kivu ya Kusini iko pia MUSO, mutuelle ya mshikamano, yenye visanduku vitatu vya rangi. Cha kijani ni cha akiba na mikopo ya wanachama. Chekundu ni cha shida: ugonjwa, kifo, moto. Cha bluu ndicho kinachopokea pesa kutoka nje, na kinatengwa ili isichanganywe na jasho la wanachama. Katika rangi hizo tatu kuna hekima kubwa juu ya misaada. Pesa yako inajulikana kuwa yako kwa sababu imekaa peke yake, na pesa ya mgeni haiwezi kuja kutawala sanduku lako.

Kwa hiyo usikimbilie kutia dola zako mia moja ndani ya sanduku la kikundi. Wataalamu wa AVEC wanakataza jambo hilo, kwani pesa ya bure ikiingia, watu huacha kuweka akiba na kuanza kungoja mgao, na mkopo wa pesa ya bure hauna anayeona haraka kuulipa. Msaada wenye faida hapo ni ule unaolipa mwalimu wa kufuatilia kikundi kwa miezi ya mwanzo, daftari, sanduku lenyewe, na masomo ya kusoma na kuhesabu ili mwanachama aweze kukagua daftari bila kumtegemea karani.

Je, vikundi hivi vinabadilisha maisha? Utafiti uliofanywa Kivu ya Kusini na shirika la IRC pamoja na chuo kikuu cha Johns Hopkins, na kutolewa mwaka 2016, uliwafuata wanawake 301 waliopitia ukatili wa kingono. Walioingia katika vikundi vya akiba walikula vizuri zaidi miezi minane baada ya programu, na aibu ya kutengwa na watu ilipungua. Lakini haukuonekana muujiza: hawakuwa wanafanya kazi saa nyingi kuliko wenzao. Shirika linalokuahidi kwamba kikundi cha akiba kitamtoa kila mtu katika umaskini kwa mwaka mmoja linakuuzia ndoto.

Hati ya shamba ni msaada pia

Watu wengi wakisikia neno msaada wanafikiria chakula na dawa. Mwanasheria hawamfikirii. Hata hivyo, mjane anayefukuzwa katika shamba la marehemu mume wake anapoteza kwa siku moja mali ambayo hakuna mradi wa mbuzi unaoweza kuirudisha.

Katika Bushi, yaani Kabare, Walungu na jirani zake, shamba la ukoo lilipatikana zamani kwa kalinzi: mwanamume anampa mwami au chifu ng'ombe au kitu cha thamani, naye anapata haki ya kulima na kurithisha. Mwanamke alibaki mara nyingi na bwasa, kukodi kipande kwa msimu mmoja, apande maharagwe au mahindi, lakini si migomba wala miti, kwa maana mti unaodumu ni alama ya mwenye shamba. Mtu asiyeweza kupanda mti hawezi kupanga miaka mitano mbele.

Sheria ya nchi inasema mengine. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inaita mali ya mtu binafsi kuwa takatifu na kuilinda iwe imepatikana kwa sheria au kwa desturi. Kifungu cha 35 kinalinda haki ya kila mtu kuanzisha biashara yake. Sheria ya jamaa inawaweka watoto wa marehemu, wa kike na wa kiume bila kubagua, kuwa warithi wa kwanza, wenye haki ya robo tatu ya urithi. Na tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili asaini mkataba au aende mahakamani, kama ilivyodaiwa na sheria ya 1987. Sasa wote wawili wanapaswa kukubaliana.

Tatizo ni umbali kati ya karatasi na mtaa. Mama wengi wanaouza samaki Nguba au mihogo Kadutu hawajasikia kwamba ruhusa hiyo imefutwa, na wako maofisa wanaoendelea kuiomba. Shirika linaloziba umbali huo kwa kueleza sheria kwa Kiswahili na Mashi, kumsindikiza mjane kwa chifu au mahakamani, na kusaidia watu kuandika mkataba wa shamba mbele ya mashahidi, linafanya kazi ya uchumi hata kama haligawi franka moja.

Bukavu ina historia ya kazi hiyo, na imeilipia kwa damu. Héritiers de la Justice, lililoanzishwa hapa mwaka 1991, limekuwa likifundisha raia haki zao kwa miaka mingi. Katibu wake mtendaji, Pascal Kabungulu, aliuawa nyumbani kwake Bukavu tarehe 31 Julai 2005. Asiyeona uhusiano kati ya haki na mkate ajiulize kwa nini mtu anayefundisha watu sheria anaweza kuonekana adui.

Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ilifika kwenye hitimisho hilo kupitia kitanda cha wagonjwa. Mwanamke alitibiwa akapona, akarudi kijijini, akakuta hana nyumba, hana shamba, na aliyemuumiza anatembea huru. Ndiyo maana leo matibabu ya Panzi yana nguzo nne: mwili, moyo, sheria na uchumi. Cité de la Joie, iliyofunguliwa mwaka 2011, inapokea wanawake 90 kwa miezi sita na kuwafundisha haki zao pamoja na stadi za kazi. Women for Women International, iliyoingia Kongo mwaka 2004, nayo inaunganisha masomo ya haki na akiba na biashara ndogo. Haya ni mifano ya namna ya kufanya kazi, na bado kila msomaji ana ruhusa ya kuyauliza maswali yale yale kama mengine.

Mpaka wa Ruzizi

Kila asubuhi wachuuzi, wengi wao wanawake, wanavuka Ruzizi kwenda na kurudi upande wa Rwanda wakiwa na ndoo, vikapu na mizigo mgongoni. Mtaji wao mara nyingi ni wa siku hiyo tu. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2011 juu ya mipaka ya Maziwa Makuu, ukiwemo wa Bukavu, ulikuta kwamba hongo, vitisho na kushikwashikwa mwilini vilikuwa jambo la kila siku kwa wanawake hao.

Mchuuzi huyo akipewa mkopo wa dola 50 na huku akilipa vijikodi vitano visivyo na risiti, mkopo unaishia kwenye mifuko ya watu wa kizuizi. Kabla ya mtaji anahitaji kujua ushuru halali ni kiasi gani, anahitaji kudai risiti, na anahitaji wenzake ishirini nyuma yake siku atakapokataa kulipa kisichoandikwa. Mashirika yanayosaidia wachuuzi kuungana na kujua ushuru wao yanaacha kitu ambacho mwenye kizuizi hawezi kukinyang'anya kirahisi.

Anayetoa naye ana nguvu

Kuna upande wa misaada ambao tunausema kwa sauti ya chini. Mwenye kuandika majina kwenye orodha ana nguvu juu ya aliye kwenye foleni. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake juu ya mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 mashariki mwa nchi. Ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa walifanya kazi kwa Shirika la Afya Duniani lenyewe. Wanawake walieleza kwamba walidaiwa mwili ili wapate kazi au waibaki nayo.

Hao walikuja kuokoa watu. Kwa hiyo nia njema ya shirika haitoshi kuwa ulinzi. Ulinzi ni mlango wa malalamiko usiopitia kwa yule yule anayeandika majina: namba ya simu inayojibiwa, mtu wa nje anayesikiliza, na jibu linalorudi kwa mlalamikaji.

Liko pia jambo la picha. Uso wa mwanamke aliyebakwa au mtoto mwenye njaa umetumika mara nyingi kukusanya pesa Ulaya na Marekani. Uso huo ni wa mwenyewe. Ukiona shirika linaonyesha uso na jina la aliyeumizwa, uliza kama alielezwa picha itakwenda wapi na kama angeweza kukataa bila kukosa msaada. Vivyo hivyo kwa msaada unaodai kadi ya chama au kubadilisha dini. Mtu asinunuliwe dhamiri kwa kilo tano za unga.

Uhuru hauponyi kila kitu

Wako watakaosema kwamba maneno haya ya uhuru ni ya watu walioshiba. Wana sehemu ya ukweli. Mtoto mwenye surua anahitaji chanjo, na mama yake akipewa pesa hataikuta sokoni. Mwanamke mwenye fistula anahitaji daktari wa upasuaji. Barabara ikikatika na soko likabaki tupu, pesa nyingi hupandisha bei tu, na hapo gari la chakula ndilo msaada wa kweli. Mjane mzee asiye na nguvu ya kuchuuza anahitaji kupewa, na kumlazimisha akope ni kumwongezea mzigo.

Hata vikundi vya akiba vina uzito wake. Mwanachama aliyeshindwa kulipa anaweza kuaibishwa mbele ya majirani, na mume anaweza kumtuma mke akope kwa jina lake kisha yeye akaila pesa. Ndiyo sababu shirika zuri linazungumza pia na waume, na linaacha mlango wa kutoka wazi. Mtu ambaye hawezi kukataa kujiunga hajajiunga kwa hiari.

Lakini hata katika dharura swali la ufunguo halikomi. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa upasuaji na kukubali au kukataa. Waliokimbia vita wana haki ya kuiona orodha ya mgao ikibandikwa ukutani, wajue nani amepata nini.

Maswali saba ya kuuliza

Anayetaka kutoa, awe Bukavu au ughaibuni, anaweza kuanza na haya:

1. Je, shirika linatambuliwa kisheria? Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza mashirika yasiyo ya faida. Omba kuona hati ya personalite juridiki au hatua iliyofikiwa. Hati peke yake haithibitishi uaminifu, kwani shirika la mkobani, lenye mtu mmoja na muhuri mmoja, linaweza kuwa nayo pia.

2. Pesa, simu na hati viko kwa jina la nani? Jibu zuri ni moja: la anayesaidiwa.

3. Anayesaidiwa anachagua nini? Kama alichaguliwa mbuzi, mafunzo ya ushonaji na siku ya mkutano kabla hajaulizwa, mradi ni wa shirika.

4. Nani yuko kwenye kamati? Angalia kama bwana, bibi na shemeji ndio mwenyekiti, mhasibu na katibu.

5. Malalamiko yanapita wapi, na mwaka jana yalipokelewa mangapi? Shirika linalosema halijapokea hata moja huenda halina mlango wa kuyapokea.

6. Lilipoteza nini, na lilisema? Omba ripoti ya mwaka yenye mapato, matumizi na makosa.

7. Mradi ukiisha, nini kinabaki mikononi mwa watu? Taja vitu vyenyewe: sanduku, daftari, hati ya shamba, hukumu ya mahakama, ujuzi wa kusoma.

Maswali haya yanafaa pia kwa chama cha mtaa na kwa idara ya misaada ya kanisa lako, ambako ndugu wengi wa Bukavu wanatoa zaidi kuliko wanavyotoa kwa mashirika makubwa. Huko nako wahasibu ni watu na sanduku lina ufunguo. Yaulize kwa heshima, kwenye mkutano, mbele ya wote. Mtunza pesa mwaminifu atafurahi kufungua daftari, kwa sababu daftari lililofunguliwa linamlinda yeye pia.

Na kama baada ya kuuliza yote bado huna hakika, anza na kidogo. Toa dola ishirini, subiri miezi mitatu, kisha piga simu kwa mtu aliyesaidiwa, si kwa ofisi. Muulize alipata nini, aliamua nini mwenyewe, na kama angeweza kusema hapana. Dola themanini zilizobaki zifuate jibu lake.